Nina dakika 15 na slaidi 41, kongamano ni mwezi ujao hapa Dodoma. Nianzie wapi kukata?

BintiMvumi:

Mbukwenyi wakuu, habari za jioni. Naombeni msaada wa dhati maana hili jambo linaninyima usingizi.

Mimi ni afisa ugani, nipo kata moja huku Chamwino mwaka wa tisa sasa. Mimi na wenzangu wawili tumefuatana na wakulima wa mtama na uwele kwa misimu mitatu, tukilinganisha kipande kilichochimbwa mashimo ya Chololo na kipande kilicholimwa kawaida na jembe la mkono, vipo ubavu kwa ubavu, mkulima yule yule, mbegu ile ile, siku ile ile ya kupanda. Tukaandika ikisiri tukatuma, ikakubaliwa, na wenzangu wote wawili wakasema wewe ndo utasimama. Kongamano ni la watafiti na watu wa miradi, ukumbi upo mjini, watu kama mia mbili hivi. Dakika 15, yaani 12 za kuongea na 3 za maswali.

Kwa wasioyajua mashimo yenyewe: unachimba shimo dogo, upana sentimita 22 hivi, kina 30, unaacha sentimita 60 mpaka shimo la pili kwenye mstari na 90 kati ya mstari na mstari, udongo unaotoka unaurundika upande wa chini wa mteremko uzuie maji yasikimbie, ndani unatia samadi au majivu na masalia ya mazao, mbegu zinaingia humo humo. Mvua zetu huku ni milimita 500 na kitu mpaka 600 kwa mwaka, zinakuja zote kati ya Desemba na Aprili, halafu katikati hapo Februari zinaweza kusimama wiki mbili tatu jua linawaka mpaka majani ya mtama yanajikunja. Shimo linashika maji ya kuuvusha mmea kipindi hicho.

Sasa shida. Nimechukua ripoti yetu ya kurasa 60 nikaigeuza slaidi, zimetoka 41. Juzi nimejipima na simu, dakika 12 zimeisha niko slaidi ya 14, hata matokeo sijayagusa. Nikitaka kufuta naona kama nadhulumu, maana kila namba imetolewa jasho, kuna mama mmoja alikuwa anatushikia mzani mkono juu, jua la saa saba, mkono unatetemeka, ili tupate uzito wa kila mstari sawasawa. Namba yake niifute vipi?

Halafu slaidi zina maneno mengi kwa sababu naogopa kusahau. Kiingereza cha kusoma ninacho, cha kusimama nacho mbele ya maprofesa kinanikimbia. Waandaaji wamesema Kiswahili kinaruhusiwa lakini wengi wataongea Kiingereza. Na sauti yangu ni ndogo. Nisaidieni ndugu zangu, sitaki kuwaangusha wale wakulima.

---

Mhadhiri_Makulu:

Hongera sana dada, kukubaliwa tu ni hatua. Nimekaa kwenye vikao hivi miaka mingi, kama mtoa mada na kama mwenyekiti wa kikao anayeshika saa, kwa hiyo ngoja nikueleze ninavyoviona kutoka pande zote mbili.

Funga hiyo laptopu kwanza. Chukua karatasi. Fikiria mtu ametoka kwenye kikao chako, yupo kwenye foleni ya chai, mwenzake aliyekuwa ukumbi wa pili anamuuliza yule dada wa Chamwino kasema nini. Anajibu nini? Iandike hiyo, sentensi moja, kwa Kiswahili cha kawaida. Kwa maelezo yako nahisi ni kitu kama "mtama wa kwenye shimo ulivuka kiangazi cha Februari, wa jirani yake haukuvuka", lakini data unazo wewe, andika kile data inachosema na si zaidi ya hapo. Ukishaipata, pitia slaidi zako 41 moja moja na uiulize kila moja: wewe unamsaidia msikilizaji kuiamini hii sentensi? Nyingi zitakaa kimya. Historia ya wilaya, ramani tatu, malengo mahususi manne, orodha ya wadau, zote hizo ni za ripoti.

Ila usizifute! Hapa ndo watu wengi hawapajui. Zihamishie nyuma ya slaidi yako ya mwisho. Mtu akiuliza "sampuli yenu ilikuwa kubwa kiasi gani" au "mlipima vipi", unaandika namba ya slaidi kwenye kibodi unabonyeza Enter, PowerPoint inakurushia pale pale. Namba za zile za nyuma ziandike kwenye kikaratasi uwe nacho mkononi. Kwa hiyo namba ya yule mama mwenye mzani haijafutwa, ipo, inasubiri kuulizwa, na ikiulizwa utaonekana umejiandaa kuliko mtu aliyeibandika katikati ya namba nyingine 60.

Mbele zibaki 9 au 10. Zisizidi hapo kwa dakika 12.

Kuhusu maneno mengi naomba nikueleze kwa mfano mmoja ambao huwa nawapa wanafunzi wangu kila mwaka. Januari 2003 chombo cha Marekani cha Columbia kiliporuka, kipande cha povu gumu kilichomoka kwenye tangi la nje kikapiga bawa la kushoto. Chombo kikiwa bado huko juu wahandisi walichambua madhara, wakaleta majibu kwa slaidi. Moja ya slaidi zile ilikuwa na kichwa cha habari cha kutuliza, imejaa maneno, vidoti ndani ya vidoti, na chini kabisa, mstari wa mwisho mwisho, ndo kulikuwa na taarifa kwamba kipande kilichopiga bawa ni kikubwa mno kuliko chochote walichowahi kukifanyia majaribio: inchi za ujazo 1,920 dhidi ya 3. Mara 640! Wakubwa waliondoka na kichwa cha habari. Tarehe 1 Februari chombo kilisambaratika kikirudi, watu wote 7 walikufa. Chanzo ni lile bawa, sisemi slaidi ndo iliua, ila tume ya uchunguzi iliigusa slaidi ile kwenye ripoti yake ya mwaka huo huo, na profesa Edward Tufte aliichambua mstari kwa mstari. Mimi nilichojifunza pale ni kwamba jambo zito likiwekwa chini kwa maandishi madogo, halikusemwa.

Kwa hiyo kichwa cha kila slaidi kiwe ni sentensi kamili inayosema jambo. Usiandike "Matokeo". Andika matokeo yenyewe. Chini yake picha moja au grafu moja. Na maneno yale unayoyaogopa kuyasahau yaweke kwenye sehemu ya maelezo ya mtoa mada, wewe unayaona kwenye laptopu yako, ukumbi hauyaoni.

Kusoma slaidi usisome kabisa. Yupo mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha California kule Santa Barbara, Richard Mayer, amefanya majaribio mengi kuhusu hili, na moja ya aliyoyakuta ni kwamba picha na sauti ya mtu anayeeleza zinafundisha vizuri kuliko picha, sauti, na maneno yale yale ya sauti yakiwa yameandikwa kwenye skrini. Macho yanahangaika, mtu anasoma haraka kuliko unavyoongea, anakutangulia halafu anakuacha.

---

Mzee_wa_Korongo:

Mwanangu BintiMvumi, mbukwa. Mhadhiri kasema vizuri, mimi naongeza la upande wa kazi yetu.

Nimestaafu ugani. Nilianza kazi kijana enzi za HADO, ule mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, kule Kondoa, mwaka ule wa 1979 mifugo ilipoondolewa kwenye eneo lililoharibika. Unaweza kufikiria tulivyokuwa tunapokelewa, unamwambia mtu ng'ombe wake wahame kwa sababu ya udongo. Projekta hatukuwa nayo. Tulichokuwa tunafanya, tunawachukua wazee tunaenda nao kwenye korongo, tunatafuta mti ambao mizizi yake imebaki inaning'inia juu, unamwomba mwenye eneo mwenyewe aweke fimbo yake kutoka kwenye shingo ya mzizi mpaka chini ardhi ilipo sasa. Anaweka fimbo. Anaangalia. Udongo wa baba yake ulikuwa usawa wa kifua chake, leo yeye amesimama chini. Pale huhitaji kuongeza neno, unanyamaza tu, unamwacha apime na wengine waone.

Sasa nakuuliza wewe, ukiwa kijijini chini ya mti unawaeleza watu habari za mashimo, unaanza na utangulizi, tamko la tatizo, malengo mahususi? Huanzi hivyo. Unashika jembe unachimba shimo moja mbele yao, unalimwagia maji debe moja, na pembeni kwenye tambarare unamwaga debe jingine, watu wanaona maji yanavyokimbia huku na yanavyozama kule. Miaka tisa umefanya hivyo. Wewe ni msemaji tayari, hao wa ukumbini ni watu kama hao wengine, tofauti wamevaa vitambulisho shingoni.

Fanya hivi. Kata fito, sentimita 30 kamili, ingia nayo ukumbini. Ukipanda jukwaani usianze na "jina langu naitwa", mwenyekiti atakuwa ameshakutaja. Inyanyue ile fito, sema hiki ndicho kina cha shimo moja, na mdomo wake ni kama sahani ya kulia wali. Nyamaza kidogo waitazame. Kisha endelea.

Na jambo la pili, hili nakuomba usilikwepe. Piga hesabu ya mashimo. Sentimita 60 kwa 90 ni shimo moja kila nusu mita ya mraba na ushee, eka moja ina mita za mraba zaidi ya 4,000, gawanya uone, unapata karibu mashimo 7,500 kwa eka. Elfu saba na mia tano mwanangu, kwenye ardhi kavu ya Oktoba, na wanaochimba wengi ni nani unajua mwenyewe. Katika watu mia mbili atakuwepo mmoja atakayesimama aulize nani anachimba. Asikukute. Liseme wewe mwenyewe kabla hajanyoosha mkono, weka slaidi yake kabisa. Mtu anayeutaja uzito wa jambo lake mwenyewe husikilizwa kwa heshima, na wakulima wako hutakuwa umewasemea uongo.

---

BintiMvumi:

Shikamoo mzee wangu. Nimesoma hii nikiwa kwenye daladala natoka mjini nikapitiliza kituo, hiyo habari ya mzizi na fimbo imenikaa.

Na la mashimo 7,500 ni kweli kabisa, kwenye ripoti tuliliandika kwa maneno "mahitaji makubwa ya nguvu kazi" tukapita. Ukweli ni kwamba wengi wa wakulima wetu hawakuchimba eka nzima, walianza na robo, hayo ni mashimo kama 1,900 hivi, mke na mume na mtoto mkubwa jioni jioni kabla ya mvua, na msimu wa pili hawachimbi upya wanazibua yale yale. Nitaisema hivyo hivyo.

Sentensi yangu ya foleni ya chai nimeiandika mara sita. Iliyobaki ni hii: *Kwenye wiki zile mvua iliposimama, mtama wa shimoni ulibaki kijani na ukazaa, na kazi ya kuchimba ndiyo inayowazuia watu kupanua.* Ni ndefu?

Nimebaki na slaidi 11. Nimeanza kulala. Bado lugha na sauti.

---

Mhadhiri_Makulu:

Nzuri sana. Si ndefu, ina pande mbili na zote ni za kweli. Hiyo ya kuzuia kupanua ndo itawafanya watu wa miradi wakutafute wakati wa chai.

Kwenye grafu yako ya mavuno kumbuka jambo moja: kabla hujasema imeonyesha nini, waambie wanatazama nini. "Huku chini ni wakulima, kila nguzo mbili ni mkulima mmoja, ya bluu ni shimo, ya rangi ya chungwa ni kulima kawaida." Sekunde 15 tu. Wewe umeishi na hiyo grafu misimu mitatu, wao wanaiona mara ya kwanza na una dakika moja nayo. Usitumie nyekundu na kijani kutofautisha, wapo watu, hasa wanaume, hawazitofautishi na hawatakwambia.

---

Neema_wa_Kongwa:

Dada naomba niseme kwenye lugha maana nimepita hapo hapo. Mimi mwaka jana niliwasilisha kwa Kiingereza kwa sababu wote walikuwa wanafanya hivyo, nikakariri neno kwa neno, dakika ya nne nikasahau neno moja tu, moja, na kwa kuwa nilikuwa nimekariri kama shairi sikuweza kuruka kwenda mbele, nikarudi mwanzo wa aya, nikakwama tena pale pale. Ukumbi mzima unakuangalia kwa huruma. Sitaki yakukute.

Ushauri wangu ongea Kiswahili, kwa nguvu zako zote, slaidi andika kwa Kiingereza. Zikiwa na sentensi moja juu na picha chini, mgeni asiyejua Kiswahili anafuata, na Mtanzania anakusikia wewe mwenyewe ulivyo. Wakati wa maswali akiuliza kwa Kiingereza msikilize, na kama unaona utababaika jibu kwa Kiswahili mwombe mwenyekiti atafsiri, si aibu hata kidogo, mpange naye mapema asubuhi kabla ya kikao.

Na usikariri yote. Kariri sentensi mbili za kwanza na mbili za mwisho basi. Katikati uwe unajua tu nini kinafuata nini.

---

Mhadhiri_Makulu:

Neema pole kwa yaliyokupata, na nakubaliana nawe kuhusu Kiswahili. Naongeza moja: vichwa vile vya Kiingereza mpe mtu mmoja anayekijua vizuri avisome, ni sentensi 10 tu, haichukui muda.

Ila kwa muda mfupi hivi mimi bado namshauri aandike hotuba nzima angalau mara moja, si ya kukariri, ya kupima. Mtu akiongea taratibu anatumia maneno 100 hadi 130 kwa dakika, kwa hiyo dakika 12 ni kama maneno 1,200 hadi 1,500, na Kiswahili maneno yake ni marefu, ajiwekee 1,100. Akiona kaandika 2,000 ajue hata akikimbia hafiki. Akishapima aiweke pembeni aongee kwa kichwa.

---

Fundi_Ukumbi:

Wakuu mimi si msomi wa slaidi, mimi ndo yule jamaa anayekaa nyuma na spika na projekta, kumbi nyingi za hapa mjini nimefunga vyombo. Mnaongea mambo mazuri lakini naona watoa mada wazuri wanaharibikiwa na vitu vya dakika mbili, sasa dada andika hivi.

Uliza waandaaji projekta yao inapokea HDMI au ile ya zamani VGA, na laptopu yako ina tundu gani. Nunua adapta yako, usitegemee ya ukumbi maana ya ukumbi huwa inatembea. Uliza pia umbo la skrini, slaidi pana 16:9 ukiipeleka kwenye skrini ya 4:3 inabanwa inabaki na michirizi meusi juu na chini, maandishi yanakuwa madogo zaidi. Kazi yako iweke kwenye flashi mbili, moja ya PowerPoint moja ya PDF, na nyingine jitumie kwenye barua pepe. PDF ni muhimu kwa sababu mara nyingi wanakulazimisha kutumia kompyuta yao, fonti yako haipo humo, inaletwa nyingine, mistari inavuka picha. Faili lipe jina lako na siku, si "wasilisho la mwisho 2", maana kwenye kompyuta ya ukumbi yanakuwepo mafaili manane yenye jina hilo.

Ukichomeka na hakuna kitu kwenye skrini bonyeza kitufe cha Windows pamoja na P, chagua. Ukichagua ile ya kupanua ndo unapata maelezo yako upande wako peke yako. Ukichagua ile ya kunakili, ukumbi unaona unachokiona wewe.

Maandishi ya saizi ndogo kuliko 24 mtu wa nyuma haoni, mimi nakaa nyuma najua. Kipimo rahisi, fungua slaidi kwenye laptopu, rudi nyuma hatua tano sita, soma. Na kumbi zetu zina madirisha makubwa na jua la Dodoma unalijua, asubuhi pazia halitoshi, slaidi nyeusi yenye maandishi meupe inazama kabisa na picha za giza hazionekani. Weka nyeupe, maandishi meusi mazito. Picha ya shimo ipigwe asubuhi au jioni kivuli kionyeshe kina, ya saa sita inaonekana kama sahani bapa chini.

Sasa sauti, hili dada nisikilize vizuri. Sauti ndogo si tatizo kabisa, tatizo ni maiki kukaa mbali. Ukipewa ya kushika, iwe umbali wa ngumi moja kutoka kidevuni, na ukigeuza shingo kuangalia skrini nayo igeuke na wewe, hapo ndo wengi wanapotea, wanageuka kusoma slaidi maiki inabaki inaongea na ukuta. Ukipewa ile ya kubana kwenye nguo, usivae shanga wala mkufu mzito siku hiyo, na kitenge cha wanga kipya kinasugua, ukumbi mzima unasikia kama panya ndani ya gunia. Usiigonge na kidole wala kuipuliza. Niambie tu mimi au mwenzangu "naomba nijaribu" kabla watu hawajakaa, tutakuwekea kiwango chako.

Na wewe una fito mkononi, maiki mkononi, remoti ya slaidi mkononi, mikono mitatu unayo? Omba ya kubana kwenye nguo.

---

Mzee_wa_Korongo:

Fundi umenikumbusha, fito aitumie kisha aiweke mezani. Asitembee nayo kama mchungaji wa mbuzi. Halafu akiwa anaeleza jambo zito, kama hilo la kazi ya kuchimba, kuna kitufe cha kuzima slaidi watu wamwangalie yeye, kijana wangu alinionyesha.

---

Fundi_Ukumbi:

Ndiyo mzee, herufi B kwenye kibodi, skrini inakuwa nyeusi, ukibonyeza tena inarudi. Remoti nyingi nazo zina kitufe chake.

---

BintiMvumi:

Wakuu nimerudi, ni wiki mbili sasa, nieleze nilipofika.

Jumapili baada ya ibada niliomba ukumbi mdogo wa kanisa, nikawaita wenzangu wawili na wakulima watano wa kwenye jaribio lenyewe, akiwemo yule mama wa mzani. Nikachomeka projekta ya kuazima, mwenzangu akashika saa. Mara ya kwanza dakika 16. Nikauliza tuondoe nini, nilitegemea wenzangu ndo wajibu, akajibu mama: hiyo picha ya nyinyi na viongozi mnafungua mradi ya nini, na hiyo ramani, sisi wote tunajua Chamwino ipo wapi. Nikamwambia wageni hawajui. Akasema basi waambie kwa mdomo, ni kusini na mashariki ya Dodoma mjini, imekwisha. Nimetoa zote mbili. Slaidi 9. Mara ya pili dakika 12 na sekunde 40, mara ya tatu jioni nyumbani dakika 11 na nusu na nimeacha hivyo, sitaongeza kitu.

Ufunguzi wangu sasa uko hivi: nanyanyua fito, nasema "Hiki ni kina cha shimo moja. Eka moja inataka mashimo haya elfu saba na mia tano. Nimekuja kuwaeleza kwa nini kuna watu Chamwino wameamua kuyachimba." Halafu nanyamaza, nabonyeza, inakuja picha ya vipande viwili ubavu kwa ubavu, Februari, kimoja kijani kimoja kimekunja majani. Mzee nilivyofanya hivyo pale kanisani wale wakulima walinyamaza kabisa, halafu mmoja akasema kwa sauti, hilo ni shamba langu hilo.

La uchimbaji nimeliweka slaidi ya 7, picha ya mikono ya mama huyo huyo, yeye mwenyewe kakubali, nilimuomba na nikamuuliza mara mbili. Hapo ndo nazima skrini kwa B na kueleza ya robo eka na ya kuzibua msimu wa pili.

Naongea Kiswahili, vichwa ni Kiingereza na mwalimu mmoja wa sekondari amenisahihishia viwili. Mwenyekiti wa kikao nimeshampigia, amekubali kutafsiri maswali.

Swali langu la mwisho: wamenijibu kwamba kompyuta ni ya ukumbi, hatutumii zetu, na mafaili tuwape usiku wa kuamkia kikao. Je maelezo yangu ya pembeni nitayaona?

---

Fundi_Ukumbi:

Inategemea walivyopanga meza. Kumbi nyingi kompyuta ipo nyuma kwangu, wewe jukwaani una remoti tu, basi maelezo huyaoni, kwa hiyo jiandae hivyo. Andika maneno mawili matatu kwa kila slaidi kwenye kadi ngumu, siyo karatasi ya A4, maana A4 mkono ukitetemeka inapiga kelele kwenye maiki. Kadi zitoboe kona uzifunge kamba zisichanganyike. Na kama kompyuta ipo nyuma, ile ya kuandika namba ya slaidi wakati wa maswali mpe mtu wa nyuma orodha yako, umwite tu "naomba namba 14". Ya kuzima skrini pia mwonyeshe ni slaidi ipi, au ufanye rahisi zaidi, weka slaidi nyeusi tupu baada ya ile ya 7, basi unabonyeza mbele kama kawaida.

Fika saa moja kasoro asubuhi kabla ya chai. Upande jukwaani, usimame mahali utakaposimama, mimi au yeyote atakayekuwepo atakupitishia slaidi zote 9 na zile za nyuma.

---

BintiMvumi:

Slaidi nyeusi nimeiweka sasa hivi, na kadi nimekata kwenye boksi la mbegu. Nitafika saa moja kasoro.